Usiunganishe rangi kwa rangi: kuzijua nyaya za spika kwa mita

Kijana mmoja wa Makorora, hapa hapa Tanga, ameniletea swali refu, nalifupisha. Amenunua Toyota IST iliyotumika. Aliyemuuzia alishang'oa redio na kuikata plagi yake, kwa hiyo nyuma ya dashibodi zimebaki nyaya zinaning'inia. Sasa ana redio mpya ya skrini, nayo imekuja na nyaya zake za rangi rangi. Anaandika: "Shikamoo fundi. Njano ipo kwenye redio na njano ipo kwenye gari, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Niunganishe rangi kwa rangi? Nina mita, nimepima kwa ile alama ya kengele, lakini inalia karibu kila ninapogusa. Halafu aliyeniuzia alisema spika ya mlango wa mbele kushoto imekufa, ninunue mpya. Nitajuaje kama ni kweli?"

Marahaba mwanangu. Usiunganishe. Umefanya jambo la maana sana kuuliza kabla, maana wengi huja kwangu redio ikiwa tayari imeungua, nami sina la kuwasaidia zaidi ya pole.

Rangi za redio mpya na rangi za gari lako ni lugha mbili tofauti zinazotumia maneno yaleyale. Kwenye redio za dukani, njano ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, na nyeusi ni hasi, yaani inakwenda bodi, chuma cha gari lenyewe. Lakini katika Toyota nyingi za umri wa gari lako, nyeusi na njano ni jozi ya spika ya nyuma kushoto, na nyekundu na nyeupe ni jozi ya spika ya nyuma kulia. Umeona mtego ulipo? Ungeunganisha njano kwa njano, redio ingekuwa inatafuta umeme kwenye mguu wa spika. Isingewaka. Hapo ndipo mtu anapoanza kuhangaika, anachukua waya wenye moto kutoka kwenye gari, anaugusisha huku na kule "kujaribu", na siku anapougusa mguu wa spika wa redio, ampu ya ndani, yaani kikuza sauti, inakwenda. Ile ampu ni kidude kimoja tu nyuma ya redio, kikiungua redio inawaka vizuri, skrini inang'aa, ila haitoi sauti tena.

Na hata hizo rangi za Toyota nilizotaja si msahafu. Gari la mkononi limeshapita kwa mafundi wangapi? Mmoja kaongeza waya wa redio ya nyumbani, mwingine kaunga kwa waya wa kengele ya mlango. Mimi huziangalia rangi kama fununu, kisha namwachia mita aseme.

Sasa hiyo mita. Kengele ndiyo iliyokuchanganya, na nataka uelewe kwa nini, maana ukilielewa hili nusu ya kazi imekwisha. Kengele inalia ukinzani, yaani jinsi njia inavyouzuia umeme, unaopimwa kwa omu, unapokuwa mdogo, na kwa mita nyingi "mdogo" maana yake ni chini ya makumi kadhaa ya omu. Spika ya gari ina kama omu 4. Nyaya mbili zilizoshikana kwa shoti zina omu 0. Waya ulioliwa na kutu ukabaki umeshikilia nyuzi mbili unaweza kuwa na omu 11. Zote tatu kengele inazililia sawasawa. Waya wa taa za dashibodi nao, kwa kuwa unapitia kwenye globu kwenda bodi, utalia. Kwa hiyo kengele inakuambia kuna njia, haikuambii ni njia ya namna gani. Iache. Zungusha kitufe mpaka upande wa omu, kwenye 200, ndiyo ngazi ya chini kabisa kwenye zile mita ndogo za njano zilizojaa madukani. Waya mweusi wa mita uwe kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu la volti na omu. Usiuchomeke kwenye tundu la 10A hata kwa bahati mbaya, hapo mita inageuka kuwa shoti na ukipima umeme kwa mkao huo utaona cheche.

Gusanisha ncha mbili za mita. Haitasoma sifuri kamili, itasoma 0.3 au 0.5, huo ni ukinzani wa nyaya zake zenyewe. Iandike namba hiyo kwenye karatasi, utaitoa kwenye kila kipimo. Kama inarukaruka au inasoma omu kadhaa, badilisha betri ya ndani au safisha ncha kwanza, maana hapa tunatafuta tofauti za omu moja moja. Ncha zikiwa zimeachana, mita itaonyesha 1 peke yake pembeni kushoto, au OL kwa mita nyingine. Hiyo siyo omu moja. Maana yake hakuna njia kabisa.

Kabla ya omu, tafuta nyaya zenye umeme uzitenge, kwa sababu ukipima omu kwenye waya wenye moto utapata namba za uongo na unaweza kuiua mita. Weka mita kwenye volti za betri, ngazi ya 20. Ncha nyeusi iguse chuma tupu cha bodi, kisicho na rangi, ncha nyekundu ipite waya mmoja mmoja, ufunguo ukiwa umezimwa. Utakaosoma 12 na kitu ndio wa moja kwa moja. Ufunge kwa tepu peke yake. Zungusha ufunguo hatua ya kwanza, utakaoongezeka kusoma 12 ni wa ufunguo. Washa taa ndogo, utakaoamka ni wa taa za dashibodi. Kisha tafuta hasi: ncha nyekundu ibaki kwenye ule waya wa moja kwa moja, ncha nyeusi ipite kwenye nyaya zilizobaki, utakaokupa 12 kamili ni hasi yako. Usishangae ukikuta waya wenye moto ni wa bluu yenye mstari wa njano, wa ufunguo ni kijivu, na hasi ni kahawia. Ndivyo Toyota wanavyopenda.

Neno moja la kuzingatia hapa. Ukiwa chini ya dashibodi utaona pia plagi za njano, mara nyingi na nyaya zilizovikwa mpira wa njano. Hizo ni za mifuko ya hewa. Usizichokoe na mita, usizipime omu, usizifungue. Betri ndogo ya mita inatosha kuleta balaa pale.

Ukishatenga hizo zote, fungua mkono wa hasi wa betri ya gari. Sasa zibaki nyaya nane, kama gari lina spika nne.

Shika waya mmoja na ncha moja ya mita, ncha nyingine iguse zile saba zilizobaki, mmoja mmoja. Kwa sita utaona 1 ya pembeni. Kwa mmoja utaona kitu kama 3.9. Toa ile 0.4 ya mita yako, unabaki na 3.5. Hiyo ndiyo spika yako. Usitarajie 4 kamili: ile 4 iliyoandikwa nyuma ya spika ni ya sauti inapopita, mita inapima shaba ya koili ikiwa imelala, na spika nzima ya omu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8 hivi. Nyaya zenyewe kutoka dashibodi hadi mlangoni haziongezi kitu cha kuonekana, labda sehemu ya kumi au mbili za omu. Sokota jozi hiyo pamoja kwa vikunjo viwili, bandika tepu, endelea na nyingine.

Ukikuta karibu 2, usiseme spika imeharibika. Huenda kuna spika mbili kwenye jozi moja, na redio nyingi ndogo zinataka omu 4 kwenda juu, kwa hiyo itabidi ujue nani aliongeza nini. Ukikuta 6 au 7 hivi, huenda mtu kaweka spika ya nyumbani ya omu 8, itafanya kazi ila kwa sauti ndogo. Ukikuta 0.1 baada ya kutoa ya mita, kuna shoti, na jozi hiyo usiipeleke kwenye redio mpaka uione. Na ile spika ndogo ya sauti nyembamba, twita, ukiipima peke yake utaona 1 ya pembeni hata kama ni mpya, kwa sababu ina kapasita iliyofungwa njiani, na kapasita haipitishi umeme wa mita. Nimeona twita nzima zikitupwa kwa sababu hiyo.

Kipimo kinachofuata ndicho watu wanachokiruka, na ndicho kinachookoa redio. Ncha moja weka kwenye chuma cha bodi, nyingine ipitishe kwenye kila mmoja wa zile nyaya nane. Peleka mita kwenye ngazi ya juu zaidi, 20K. Nane zote zitoe 1 ya pembeni. Waya wowote wa spika unaosoma namba dhidi ya bodi una jeraha mahali: skrubu ya kava ya mlango imeutoboa, au kiungio cha spika kinagusa bati. Redio za zamani sana zilikuwa zinatumia bodi kama mguu mmoja wa spika, na mazoea hayo yamebaki kwa baadhi ya mafundi, wanachukua hasi za spika zote wanazifunga pamoja kwenye bodi. Redio za leo haziruhusu. Miguu yote miwili ya spika ina umeme, kila mmoja kama volti 6 dhidi ya bodi redio ikiwa imewaka, na spika inaimba kwa tofauti iliyo kati yao. Ukiugusisha mmoja na bodi umeipiga ampu shoti. Ikiwa na bahati itajizima kila unapoongeza sauti. Isipokuwa na bahati, imekwenda.

Sasa ipi ni ya mlango upi? Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, ile ndogo ya kidoleni. Mwambie mwenzako akae ndani ya gari asikilize. Gusisha jozi moja kwenye betri kwa kufumba na kufumbua, utasikia "tk" kwenye mlango mmoja. Andika. Usitumie betri ya gari kwa kazi hii. Volti 12 kwenye omu 4 zinasukuma ampea 3, koili inapikwa mbele ya macho yako. Ukiweza kuiona karatasi ya spika, mulika tochi kwenye matundu ya kava: ikiruka kuja nje, waya uliougusa kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikinywea ndani, geuza. Jambo hili linaonekana dogo, lakini spika ya kushoto ikisukuma wakati ya kulia inavuta, besi inapotea, wimbo unabaki kama unatoka kwenye simu, na mtu anakwenda kununua ampu ya pili kutibu ugonjwa wa waya mmoja uliogeuzwa.

Nirudi kwenye mlango wako wa mbele kushoto, maana hapo ndipo pesa yako inapotaka kukutoka.

Kama kweli kuna tatizo, utapata jozi tatu tu kwenye dashibodi, na nyaya mbili zitabaki hazina mwenzi, kila unapopima ni 1 ya pembeni. Mbili hizo ndizo za mlango huo, umezijua kwa kubaki. Lakini mpaka hapo hujui kama iliyokufa ni spika au ni njia. Vua kava ya mlango, chomoa plagi ya spika, pima moja kwa moja kwenye vipini vyake. Ikisoma 1 ya pembeni, koili imekatika, aliyekuuzia alisema kweli. Ikisoma 3.5, spika ni nzima. Isukume karatasi kwa vidole viwili, polepole, pande zote mbili kwa usawa. Kama haikwaruzi, irudishe kazini.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Miaka ya nyuma nilimwambia mteja wa Raskazone anunue spika mpya ya mlango bila kupima, kwa kuwa ya zamani ilikuwa kimya na ilionekana imechoka. Alinunua. Ikaimba siku mbili, ikanyamaza. Nikamwambia ameuziwa feki, akanunua nyingine. Nayo ikaimba alipokuwa ameuacha mlango wazi, ikanyamaza alipoufunga. Hapo ndipo nilipouvuta ule mpira wenye mikunjo unaopitisha nyaya kati ya bawaba za mlango na bodi, nikaukunjua, nikaona waya mmoja umevimba kidogo kwenye kikunjo. Nilipouchana kwa wembe, ndani hakukuwa na shaba. Kulikuwa na unga wa kijani, kama ule unaoota kwenye sarafu ya zamani, na nyuzi tatu zilizobaki zimekonda kama unywele. Mlango ukifunguka zinagusana, ukifungwa zinaachana. Yule mteja alilipia spika mbili ambazo hakuzihitaji, na aliyemwambia azinunue ni mimi. Tangu siku ile sijamwambia mtu anunue spika kabla ya kuipima mwenyewe.

Gari linalolala karibu na bahari, kama mengi ya hapa kwetu, mpira huo wa mlangoni ndio mahali pa kwanza pa kutazama. Waya unakunjwa kila mlango unapofunguliwa, ganda linapata ufa usioonekana, unyevu wa chumvi unaingia na kupanda ndani ya ganda kama mafuta kwenye utambi. Waya kwa nje unang'aa, ndani umeoza kwa urefu wa kidole.

Kuupima hauhitaji waya mrefu wa kutoka dashibodi hadi mlangoni. Kwenye plagi uliyoichomoa kwenye spika, unganisha miguu miwili kwa kipande cha waya. Rudi dashibodi, pima zile nyaya mbili zilizokosa mwenzi. Njia nzima itakupa karibu 0.2 baada ya kutoa ya mita. Ukipata 1 ya pembeni, waya umekatika. Ukipata omu 3, 7, 11, umeliwa lakini haujakata roho. Kisha, ukiwa umeshikilia ncha, mwambie mwenzako afungue na kufunga mlango taratibu, halafu atikise ule mpira. Namba ikiruka, umepapata. Fanya hivyo hata kwa milango mitatu iliyo mizima, ni dakika tano tu na utajua ipi inafuata.

Kutengeneza, kata sehemu ya kijani yote mpaka ufike shaba nyekundu inayong'aa. Ukiunga kwenye shaba iliyoanza kufifia, lehemu haitashika na mwaka haupiti. Weka kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi, na viungio vyako viwe ndani ya mlango na ndani ya bodi, si ndani ya ule mpira, kwa sababu kiungio kilicholehemiwa ni kigumu na kitavunjika palepale kinapokunjwa. Lehemu, kisha vika kile kimpira kinachobana kikipashwa moto. Tepu peke yake, kwa joto la huku, inateleza ikaacha gundi tu.

Kwenye redio yako mpya jozi za spika kwa kawaida ni hizi: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Usio na mstari ni chanya, wenye mstari mweusi ni hasi. Kumbuka gari nalo linaweza kuwa na zambarau yake, na katika Toyota mara nyingi hiyo ni hasi ya mbele kushoto, basi fuata karatasi uliyoandika na si macho. Bluu ya antena na ile ya bluu yenye nyeupe, kama huna antena ya umeme wala ampu ya nje, zifunge tepu kila moja kivyake, maana hutoa volti 12 redio ikiwaka.

Kabla ya kurudisha betri pima tena jozi zote nne, safari hii kwenye viungio vyako ukiwa hujachomeka plagi nyuma ya redio. Namba zilezile zirudi: tatu na kitu, mara nne, na 1 ya pembeni dhidi ya bodi. Washa redio kwa sauti ndogo, peleka sauti yote mlango mmoja mmoja kwenye mipangilio yake. Redio ikiwa kimya, weka mita kwenye volti za betri kati ya miguu miwili ya spika moja, isome karibu na sifuri. Ukiona volti moja au zaidi, zima mara moja, redio hiyo ina kasoro na itaichoma spika.

Na ukiwa bado umevua kava ya mlango, tazama kama lile nailoni la nyuma yake lipo. Mafundi wengi hulichana na kulitupa, wakidhani ni takataka ya kiwandani. Kazi yake ni kuyazuia maji ya mvua yanayoteremka na kioo yasiifikie spika. Kama halipo, kata nailoni nzito, libandike kwa gundi kuanzia juu, ukingo wa chini uuingize ndani ya mlango ili maji yadondokee kwenye matundu ya chini ya bati. Lifanye kabla masika hayajaanza.